Siku tisa Stockholm: nilichojifunza kwa binti wa rafiki yangu

RAFIKI yangu alihamia Uswidi miaka kumi na miwili iliyopita. Tulisoma pamoja sekondari, Tanga, tukilala kitanda kimoja cha juu na chini, tukigawana sabuni na doti ya kanga, kila mtu upande wake. Tangu aondoke tumekuwa tukiongea kwa simu, na kila tukimaliza husema: "Njoo basi." Nami hujibu: "Nitakuja, inshallah." Mwishoni mwa Novemba mwaka jana nikaenda kweli.

Mwenyeji wangu aliniandikia barua ya mwaliko, nikaomba viza ya Schengen na kukata bima ya safari, ambayo kwa masharti yao haipungui kinga ya yuro 30,000. Ukitaka kwenda, anza mapema. Kwenye begi nilitia ubuyu, kanga mbili na nusu kilo ya iliki kutoka Amani.

Nilidhani naandika makala ya kutembea mjini. Ni kweli nimetembea, lakini mzazi mwenzangu, nusu ya niliyorudi nayo ni habari ya malezi, na haikuwa rahisi kwangu kuipokea.

Giza la saa tisa

Rafiki yangu anaishi Husby, kitongoji cha kaskazini magharibi mwa Stockholm. Ni maghorofa yaliyojengwa miaka ya 1970, enzi ambazo Uswidi iliamua kujenga nyumba milioni moja katika miaka kumi, kuanzia 1965. Leo wanaishi humo watu kutoka kila pembe ya dunia. Sokoni nilisikia Kisomali, Kiarabu na Kitigrinya kabla sijasikia Kiswidi.

Siku ya kwanza niliamka nikatazama dirishani: giza. Nikarudi kulala. Kumbe ilikuwa saa mbili asubuhi na watu wako kazini. Mwishoni mwa mwezi huo jua huchomoza saa mbili na dakika zake, na ikifika saa tisa alasiri limeshazama. Tulipokwenda kumchukua binti yake chekechea saa tisa na nusu, ilikuwa kama saa mbili usiku kwetu.

Nilidhani watoto watakuwa ndani wamejikunyata. Walikuwa nje! Wako gizani kwenye tope na baridi ya karibu sifuri, wamevaa ovaroli nene, mabuti ya mpira na vizibao vya riflekta, wanachimba mchanga. Nilimuuliza rafiki yangu kama hawaugui. Akacheka, akaniambia msemo wa Waswidi: hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Watoto wachanga hata hulazwa usingizi wa mchana nje, ndani ya vigari vyao, wamefunikwa gubigubi.

Binti yake ana miaka mitano. Ananiita mama mkubwa, kwa kuwa nimemzidi mama yake mwaka mmoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kwa Kiswidi mimi ni "moster", yaani dada wa mama. Dada wa baba ni "faster", kaka wa mama ni "morbror", na kaka wa baba ni "farbror". Nilifurahi mno. Kiingereza huwatupa wote kwenye kapu moja, lakini Waswidi, kama sisi, wanajua mjomba si baba mdogo na shangazi si mama mdogo. Bibi mzaa mama naye ni "mormor", na mzaa baba ni "farmor".

Ila shikamoo hawana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 waliacha kuitana kwa vyeo, na sasa kila mtu huitwa kwa jina lake. Mtoto wa miaka mitano humwita mwalimu wake jina la kwanza tu, kama wanavyoitana wao kwa wao. Binti huyu hunipa shikamoo kwa sababu mama yake amemfundisha, lakini huitoa huku akitabasamu, kama anayecheza mchezo ambao sisi wawili tu tunaujua.

Mjini kwa treni ya chini

Jumamosi tulikwenda mjini. Kutoka Husby unapanda treni ya chini ya ardhi, njia ya buluu, na katika dakika kama 20 umefika katikati. Usisinzie, kwa sababu vituo vyenyewe ni maonyesho. Vingi vya njia hii vimechongwa kwenye mwamba, ukaachwa uonekane kama pango. Kituo cha Hallonbergen kina kuta nyeupe zenye michoro ya mtindo wa kitoto. Solna Centrum dari yake ni nyekundu kama machweo, na chini yake kuna msitu wa kijani uliochorwa kuzunguka kituo kizima. Kituo kikuu, T-Centralen, kimepakwa majani ya buluu juu ya mwamba mweupe. Binti alikuwa akinitajia rangi ya kituo kinachofuata kabla hatujafika, na hakukosea hata kimoja.

Nilichokitazama zaidi ni wanaume. Kila kona kuna baba anasukuma kigari peke yake, saa za kazi na siku za mapumziko. Mwaka 1974 Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuigeuza likizo ya mama kuwa likizo ya wazazi wote wawili. Sasa wazazi hupata siku 480 za malipo kwa kila mtoto, na katika hizo siku 90 ni za baba na 90 ni za mama. Asiyezitumia zake hawezi kumpa mwenzake, zinapotea. Kwetu Tanzania sheria humpa mama siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku tatu.

Mume wa rafiki yangu, naye mtu wa Pangani, ni dereva wa basi. Binti alipozaliwa alikaa nyumbani miezi sita. Baba yake mzazi alipopata habari alipiga simu usiku: "Mwanangu, niambie ukweli. Wamekufukuza kazi?" Tulicheka mpaka machozi. Kwa kazi yake anajua jambo jingine: Stockholm, mzazi mwenye mtoto kwenye kigari hupanda basi bila nauli. Anaingilia mlango wa katikati penye nafasi ya vigari na hahitaji kumwacha mtoto ili aende mbele kulipa.

Kulipa ndiko kulikonishinda mimi. Nilikuwa na noti za krona nilizobadilisha kwa tabu, nikaingia mkahawani kununua chai. Mhudumu akatikisa kichwa: hawapokei pesa taslimu. Watu wanalipa kwa kadi, au kwa huduma ya simu iitwayo Swish iliyoanza mwaka 2012. Nikamwambia rafiki yangu kwamba M-Pesa tulikuwa nayo tangu 2008, wao ndio waliochelewa. Alinilipia hata hivyo.

Pamoja na chai tulipewa andazi lao la kusokota. Nilipouma tu nikasimama. Iliki! Waswidi hutia iliki kwenye unga wa mikate yao mitamu kama sisi kwenye maandazi. Nilikuwa nimebeba nusu kilo kutoka Amani kuipeleka kwa watu wanaoila kila siku.

"Nitakuchapa"

Jumapili asubuhi nilikuwa namsuka binti. Hatulii. Anageuka, anainuka, anauliza maswali. Nikasema kama ninavyosema nyumbani mara kumi kwa siku: "Tulia, nitakuchapa!"

Akatulia kweli. Alikauka kama kijiti. Kisha akamwita mama yake na kusema kitu kwa Kiswidi, sauti ya chini. Mama yake akamjibu, naye akarudi kukaa, lakini hakuniuliza tena swali mpaka nywele zikaisha.

Jikoni nikauliza amesema nini.

"Ameniuliza kama mama mkubwa anapiga watoto."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia ni maneno tu ya nyumbani. Akaniuliza, kwa nini mtu aseme jambo ambalo halimaanishi?" Rafiki yangu alikuwa anaosha vyombo, hakunitazama. "Nami nakuuliza wewe, shoga. Ni maneno tu?"

Sikujibu. Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mwaka jana alificha ripoti yake ya shule muhula mzima, chini ya godoro. Niliipata siku ya kufua mashuka. Alikuwa ameshindwa hesabu vibaya, na kwa miezi mitatu kila nilipomuuliza alisema wanaendelea vizuri. Nilimchapa kwa kuficha. Rafiki yangu anaijua hadithi hiyo kwa sababu nilimsimulia mwenyewe kwenye simu, tena nikicheka.

Uswidi ilipiga marufuku kumchapa mtoto, hata nyumbani, hata kwa mzazi wake, mwaka 1979. Hakuna nchi iliyotangulia kufanya hivyo. Ili kila mzazi ajue, serikali iliandika habari za sheria hiyo hata kwenye paketi za maziwa, watu wazisome mezani wakati wa chai. Mwaka mmoja kabla, mwandishi wao mpendwa wa vitabu vya watoto, Astrid Lindgren, aliyemtunga Pippi, alipewa tuzo ya amani Ujerumani. Hotuba yake yote aliitumia kuwasihi watu wazima waache kuwapiga watoto.

Nilimwambia rafiki yangu wazi kwamba mimi nilichapwa, yeye alichapwa, na tumekuwa watu. Akasema alifikiri vivyo hivyo. Alipopata ujauzito aliogopa sana, kwa kuwa vitongojini kuna uvumi mwingi kwamba ukimgusa mtoto wanakuja kumchukua. Mwanzoni hakuchapa kwa hofu ya serikali. "Ila baadaye," akasema, "nikaona mtoto wangu ananiambia kila kitu. Amevunja, amekojoa, amempiga mwenzake, ananiambia. Mimi sikumwambia mama yangu kitu mpaka nilipofika miaka 30."

Tuliachana na maneno hayo. Hatukugombana, lakini chakula cha mchana kilikuwa kimya.

Meli iliyozama na watu wakijua

Mchana huo walinipeleka makumbusho ya Vasa. Pengine ilikuwa njia ya kutupatanisha. Kutoka Slussen tulipanda kivuko, ambacho tiketi ileile ya treni inakihusu, tukavuka maji kuelekea kisiwa cha Djurgården. Stockholm imejengwa juu ya visiwa 14, mahali ziwa Mälaren linapokutana na bahari ya Baltiki, na kutoka majini ndipo unaposhika sura ya mji: minara ya makanisa, mji wa kale wa Gamla stan na majengo yake ya njano na kahawia. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya majilio, na karibu kila dirisha lilikuwa na taa ya nyota au kinara cha taa saba. Mji ule ulio gizani hujitahidi kwelikweli kuwasha taa.

Vasa ni meli ya kivita yenye urefu wa mita 69. Iling'oa nanga tarehe 10 Agosti 1628, safari yake ya kwanza, mji mzima ukitazama kutoka ufukweni. Ikaenda kama mita 1,300 tu. Upepo ukaipiga, ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga, ikazama. Walikufa watu kama 30. Ilikaa chini ya maji miaka 333, ikaopolewa mwaka 1961, na sasa imesimama nzima ndani ya jengo, nyeusi, imejaa sanamu za simba na wafalme. Watoto mpaka miaka 18 hawalipi kiingilio.

Sisi watu wa Tanga na Pangani tunajua mbao haidumu baharini. Ndiyo maana mafundi wetu huipaka jahazi deheni, wasije funza wa baharini wakaitoboa. Nikashangaa hii imeponaje. Maelezo yanasema maji ya Baltiki yana chumvi kidogo mno, funza hao hawawezi kuishi humo. Mume wa rafiki yangu, ambaye babu yake alikuwa fundi wa majahazi, alizunguka ile meli mara tatu bila kusema neno.

Kilichonishika ni habari ya kabla ya safari. Meli ilikuwa nyembamba na ndefu kwenda juu, na mizinga 64 ilipangwa ghorofa mbili. Ikiwa bado imefungwa bandarini, mabaharia 30 waliambiwa wakimbie kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kuijaribu. Walipokwenda mara ya tatu meli ikayumba vibaya, na mkuu wa jeshi la majini aliyekuwapo akawasimamisha, isije ikapinduka palepale. Kwa hiyo walijua. Lakini mfalme, Gustav II Adolf, alikuwa vitani ng'ambo na aliitaka meli yake haraka. Hakuna aliyesimama kumwambia kwamba haifai. Baraza la uchunguzi lilipoketi baadaye, kila mtu alisema alifuata amri, na hakuna aliyeadhibiwa.

Binti alikuwa ameshika mkono wangu. Mama yake alipomaliza kumtafsiria, akauliza: "Kwa nini hawakumwambia mfalme?"

Baba yake akajibu: "Walimwogopa."

Nikaikumbuka ripoti chini ya godoro.

Asiyeonekana kwenye picha

Msomaji asidhani nimerudi nasema kwao ni peponi. Usiku mmoja rafiki yangu alinishusha chini ya jengo kwenye chumba cha kufulia. Wapangaji wote hutumia mashine zilezile, na kila familia huandika saa yake kwenye ubao. Ukipitiliza, jirani hakugongei mlango, anakubandikia kikaratasi. Tulikaa juu ya benchi tukisubiri nguo, akaniambia jambo ambalo kwenye simu hakuwahi kulisema.

Alipojifungua, siku ya pili alikuwa nyumbani. Muuguzi alikuja kumtazama mtoto, mpole, kila kitu bure. "Lakini hakuna aliyekuja kunikanda," akasema. "Hakuna aliyekuja na uji wa pilipili manga. Hakuna aliyembeba mtoto ili nilale." Mama yake alikuwa Tanga kwenye simu, akimwelekeza mkwe wake jinsi ya kuchovya taulo kwenye maji moto na kukanda. Mtu wa watu alikanda huku simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, na mama mkwe akifoka: "Siyo hivyo, baba, bonyeza!"

Alicheka aliposema hayo, kisha akalia. Ule mwaka wa kwanza, Januari, alikuwa akitoka na kigari gizani ili tu aone watu, na watu walipita kimya. Ana siku 480 na chekechea yenye ada iliyowekewa kikomo na serikali, na anashukuru kwa vyote. Ila hana mtu wa kumwambia "nishikie mtoto mara moja".

Mimi nyumbani ninao wanne wa kuwaambia hivyo bila kuvuka barabara. Sikuwahi kuwahesabu mpaka usiku ule. Siku saba nilizobaki nao, ikawa mimi ndiye wa kushika mtoto. Walitoka wawili kwenda kula nje, mara ya kwanza, waliniambia, tangu binti azaliwe.

Niliporudi

Siku ya kuondoka binti alinipa peremende kwenye mfuko wa karatasi. Watoto wa huko wengi hula pipi Jumamosi tu, na hizo alizibana kutoka fungu lake. Akaniambia: "Mama mkubwa, za kaka. Asizile leo, leo ni Jumanne."

Sijageuka Mswidi. Mwanangu bado ananipa shikamoo na atanipa mpaka nizeeke. Lakini nilimkalisha, nikamweleza ile meli kwa kuchora kwenye daftari lake, na mabaharia 30 wakikimbia. Nikamwambia mimi ndiye nilikuwa yule mfalme. Hakuelewa vizuri. Nikasema kwa lugha nyepesi: nimeacha kuchapa, na neno "nitakuchapa" pia nimeliacha.

Aliniangalia kama anayengoja mwisho wa utani.

Zilipita wiki tatu. Jioni moja alisimama mlangoni mwa jiko, akitazama chini. "Mama, nimepasua kioo cha simu yako." Simu ilikuwa bado mkononi mwake. Mkono wangu ulikuwa na mwiko, na sitasema uongo, uliinuka. Nikauweka chini kwenye sufuria. Nikamwambia asante kwa kuniambia, na kwamba Jumamosi tutakwenda wote kwa fundi, na sehemu ya gharama itatoka kwenye pesa zake za sikukuu. Alilia zaidi kuliko siku niliyomchapa kwa ripoti. Kisha akaniambia, bila kuulizwa, kwamba hesabu za mgawanyo bado hazielewi.

Tumeanza kuzifanya pamoja baada ya chakula cha jioni. Rafiki yangu nimempelekea picha ya daftari. Naye kanijibu kwamba mama yake amepata viza na atakuwa Husby kabla ya Januari. Ile iliki, anasema, wamembakishia.